Kengele kwa Gosbert

Nyakatuntu, Karagwe
14 Aprili 1992

Kaka Projest,

Shikamoo. Sikulaumu kwa kutofika mazishini. Mvua ilikata barabara, na telegramu ilikukuta Mwanza tukiwa tumeshamzika mume wangu Gaspari. Tumemlaza upande wa chini wa nyumba, pale migomba inapoanzia.

Umeniuliza ilivyokuwa. Tulikuwa tumeketi kula. Gaspari alikuwa ameshusha utambi wa taa kama ilivyokuwa desturi yake, akisema mafuta hayaoti shambani, nami nikamwambia leo angalau tuone tunachokula. Akacheka, akaupandisha kidogo. Mbwa akabweka mara moja, akanyamaza. Gaspari alielewa kabla yangu. Alikwenda mlangoni, akaweka mikono kinywani, akapiga enduru.

Wewe umekaa mjini siku nyingi, lakini enduru, ukelele wetu wa kuita watu, huwezi kuwa umeisahau. Alipaza sauti ile moja tu. Majambazi wakampiga risasi ya koo, kaka. Alirudi ndani akitembea, akaketi mahali pake penye sahani, na damu ikajaa kwenye sahani. Mwanangu Kemilembe aliona yote. Sasa hali matoke mpaka nimgeuzie sahani juu chini aone kwamba ni safi.

Watu walikuja. Waliitikia kutoka kila upande, wa bondeni na wa juu, na mikuki na mapanga, na majambazi wakakimbia bila kuchukua hata kikombe. Ndiyo maana nasema Gaspari alituokoa kwa sauti ileile iliyomuua.

Shemeji zangu wanataka nirudi kwa baba. Wanasema mwanamke na mama mkwe mzee na mtoto hawawezi kukaa peke yao kwenye kibanja hiki cha migomba. Mimi sitaki kuondoka. Nikiondoka, nani atapalilia pale alipolala? Mama mkwe naye amesema ataondoka hapa akiwa amebebwa. Lakini tunaogopa. Jua likielekea kuzama, naacha kumenya ndizi, nakaa nikiutazama mlango. Wewe ni fundi. Kama kuna kitu kinaweza kulinda nyumba ya wanawake, niambie.

Mdogo wako,
Vestina


Mwanza
3 Mei 1992

Mdogo wangu Vestina,

Marahaba. Nimeisoma barua yako karakanani, nikawaambia vijana nina vumbi machoni.

Sasa nisikilize. Gaspari, Mungu amrehemu, alifanya walivyofanya babu zetu, lakini babu zetu waliibiwa na watu wenye mikuki. Ukipiga kelele mbele ya bunduki unamwonyesha mwenye bunduki mahali pa kulenga. Nyumba ya siku hizi huita msaada kimya.

Nimempa dereva wa basi la Bukoba mzigo wako: betri ya gari, waya roli nzima, kengele kubwa ya shule na swichi mbili za kubonyeza. Kengele haifungwi kwako! Najua utataka kuifunga juu ya mlango wako iwe pambo. Kengele inafungwa kwa jirani. Kwako ni swichi tu, moja kitandani, nyingine mahali unapokaa jioni. Chagua jirani mmoja mwenye nguvu na mwenye akili. Nadhani Gosbert, yule rafiki wa Gaspari aliyekuwa akinicheka kwa suruali zangu. Waya uchimbiwe mfereji, upite chini ya migomba, usionekane. Betri ikilegea ipelekeni ikachajiwe kwenye mashine ya kusaga ya parokia.

Wakija, huna haja ya kufungua kinywa. Unabonyeza. Kwako hakuna anayesikia kitu. Kwa Gosbert inalia kama siku ya mtihani, naye anakuja kwa njia ya nyuma, taratibu, bila taa, bila kelele, anawakuta wamegeuka mgongo. Jambazi hawezi kupiga risasi asichokisikia.

Mchoro nimeuweka humu. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Hata mama mkwe wako anaweza.

Kaka yako,
Projest


Nyakatuntu
7 Juni 1992

Kaka Projest,

Shikamoo. Mzigo ulifika mzima, na kengele inalia. Mfereji amechimba Harerimana, kibarua wetu. Unamkumbuka? Yule kijana ambaye wazazi wake walitoka Burundi, aliyekuwa akichuma kahawa na Gaspari. Alichimba vizuri, hakukata hata mzizi mmoja wa mgomba, akafukia na kutandaza majani makavu juu yake.

Siku ya kujaribu tulicheka, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu msiba. Nilibonyeza, Gosbert akaja mbio akiwa na sabuni kichwani. Akasema, "Shemeji, naomba majambazi wako waje nikiwa nimevaa." Mke wake Anatolia akamfuata nyuma akipiga kelele, "Baba, rudi! Unaoga nusu!" Akamjibu, "Niache, nimeitwa na serikali!" Tangu siku hiyo kila akinikuta njiani ananiuliza kama serikali ina jipya.

Lakini si wote wanaocheka. Watu wa nyumba za juu wameona vibaya. Mmoja wao alinisimamisha kisimani akasema, "Kumbe sisi hatuna masikio. Tulipokuja kwa Gaspari tulikuja kwa waya?" Nilimweleza kwamba waya ulitosha nyumba moja tu. Akasema, "Sawa, na siku ukilia, tutajua si sisi unaotuita."

Na mama mkwe hakubali. Alikaa anautazama ule mfereji siku nzima. Jioni akaniuliza:

"Wakija, Gosbert ataitikia vipi?"

"Haitikii, mama. Anakuja tu."

"Anakuja tu? Kama nani?"

"Kama Gosbert."

"Gizani nani ana uso? Mtu akisikia enduru anaitikia akikimbia, anaitikia mpaka afike, ili anayeita ajue huyu ni wangu. Anayekuja nyumbani kwa watu jioni, na panga, na hasemi kitu, huyo ana jina lake."

Nikamwambia nitakuandikia. Kaka, nijibu wewe upesi. Je, Gosbert akifika karibu asiseme hata neno? Hata kukohoa?

Mdogo wako,
Vestina


Mwanza
25 Juni 1992

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe mama mkwe wako salamu zangu, na umwambie majambazi nao wana masikio. Gosbert akikohoa, atakohoa mara moja tu maishani. Nimemwandikia mwenyewe kwa karatasi ya peke yake, nikampangia: njia ya nyuma, upande wa jiko, ameinama, kinywa kimefungwa. Amenijibu kwamba ameelewa na kwamba suruali zangu bado zinamchekesha.

Na hao wa juu wasikusumbue. Wakitaka nao watafungiwa. Mambo mapya huanza kwa nyumba moja.

Lala usingizi, Vestina. Hilo ndilo nililolifanyia kazi.

Projest


Nyakatuntu
2 Agosti 1992

Kaka,

Shikamoo. Walikuja juzi Ijumaa, jioni, watu wawili na bunduki moja. Nilibonyeza. Gosbert alikuja. Alikatwa panga nyuma ya jiko, akafa njiani wakimpeleka hospitali ya misheni kwa machela.

Sisi wazima. Mimi wamenivunja mfupa wa bega na meno mawili, kwa hiyo naandika kidogo. Kemilembe hana jeraha. Mama mkwe hana jeraha.

Usiniulize mengi sasa.

Vestina


Mwanza
16 Agosti 1992

Mdogo wangu Vestina,

Pole. Pole sana. Nimekaa na barua yako sijui niishike wapi. Gosbert! Mtu aliyekuwa akiingia mahali, hata waliokuwa wamenuna wanasogea kumpisha kiti. Mpe Anatolia pole zangu, mwambie nitafika.

Lakini, Vestina, nisamehe kusema hili: kengele ililia. Ulibonyeza, ikalia, mtu akaja, na wewe na mtoto mko hai. Gaspari angekuwa na kengele angekuwepo leo. Gosbert alikuwa mmoja, hapo ndipo tulipokosea. Wangekuja watano wangewamaliza. Nimeanza kutafuta waya mwingine, nitakuja nao Oktoba, tuunge nyumba zote za juu na za chini. Hao wa kisimani sasa watakubali.

Dereva wa basi ameniambia kwamba mmoja amekamatwa, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wanaye. Eti ni yule kibarua wako aliyechimba mfereji. Nilijua tu! Nani mwingine alijua njia ya waya? Alijua Gosbert atatokea wapi, akamngoja. Wamfanye wanavyojua. Ningekuwa hapo ningetangulia kuwasha kiberiti.

Kitu kimoja kinanisumbua kama fundi. Walikuwa na bunduki. Kwa nini wamkate kwa panga?

Projest


Nyakatuntu
29 Agosti 1992

Kaka Projest,

Shikamoo. Swali lako la mwisho nimelisoma na barua ikanianguka. Nitakueleza. Ukishasoma, ichome.

Nilikuwa nimeketi ndani ninamenya ndizi, swichi iko chini ya kigoda changu. Waliingia bila kubisha. Mmoja alisimama mlangoni, mwingine akanipiga bega kwa kitako cha bunduki akisema, "Mjane, toa pesa za kahawa." Nilianguka juu ya swichi. Sijui kama niliibonyeza au niliiangukia. Alinipiga mdomoni. Nilimeza jino moja. Sikupiga kelele, kaka, kama ulivyosema. Walipindua godoro, wakachukua redio ya Gaspari na koti lake, wakatoka kwa mlango wa mbele na kushuka kuelekea barabara ya Murongo. Walikuwa wameshaondoka. Nakuandikia tena: walikuwa wameshaondoka.

Mama mkwe alikuwa jikoni nje na Kemilembe. Alisikia ninavyopigwa. Alimsukuma mtoto nyuma ya magunia, akachukua panga la kukatia mikungu, akasimama pembeni mwa mlango wa jiko. Akaona mtu anatoka kwenye migomba. Ameinama. Ana panga. Hana taa, hasemi kitu, na anakuja moja kwa moja pale alipo mtoto.

Alimkata shingoni. Alimkata tena begani. Ndipo yule mtu akasema, "Mama, ni mimi." Sauti ilikuja baada ya panga.

Usiseme kwamba mama mkwe alijua waya upo. Alijua. Lakini tangu utoto wake anayekuja kusaidia huja akipaza sauti, na mkono wake haujui kitu kingine. Mkono haukumngoja amkumbuke fundi wa Mwanza.

Nilipofika nje alikuwa amempakata Gosbert, anaziba shingo kwa kitenge chake, na damu inapita katikati ya vidole. Ndipo alipopiga enduru. Ile ndiyo waliyoisikia watu, na walikuja wote, hata yule wa kisimani. Wakauliza, "Nani?" Nikasema, "Majambazi." Neno lilitoka lenyewe. Mama mkwe alinitazama, akafumba kinywa, na tangu hapo hajasema na mtu. Wiki hii anakunywa maji tu.

Sasa Harerimana. Jioni ile alikuwa Chonyonyo kwa mjomba wake. Aliporudi walimkamata njiani. Wanasema kama wewe unavyosema: aliyechimba ndiye aliyejua. Wamemfungia kwenye ghala la kahawa. Nilimpelekea uji, kamanda wa sungusungu akaumwaga chini akasema, "Unamlisha aliyetaka kukuua?" Kupitia ufa wa mlango nilimwona. Mikono yote wameipondaponda kwa mchi ili ataje wenzake. Aliniita, "Mama Kemilembe, waambie mimi nilichimba tu." Kuna mtu nje akamwiga sauti, "Nilichimba tu, nilichimba tu," na wengine wakacheka.

Wanangoja Gosbert aondolewe tanga, Jumamosi ijayo, ndipo wamtoe. Matairi nimeyaona, yameegemezwa ukutani.

Nikisema, namtoa mama wa Gaspari kwa watu wale wale. Nikinyamaza, namtoa mtoto wa watu. Niambie, kaka. Barua hii nampa dereva mkononi, naye ameahidi kurudi na jibu.

Vestina


Mwanza
1 Septemba 1992

Vestina,

Nyamaza. Dereva anangoja, naandika kwa haraka. Umesikia? Nyamaza. Yule mama ni mzee, ndiye aliyebaki na wewe, na ukisema hawatamuua yeye peke yake. Watasema ulimdanganya Anatolia siku zote hizi ukiwa unalia naye kwenye mkeka mmoja. Watachoma nyumba na Kemilembe ndani.

Harerimana Mungu atamwona. Hata ndugu wa kumdai hana hapo, ni mjomba tu.

Nimeandika sentensi hiyo, na nimeiacha uone mtu niliye leo. Siwezi kula. Ile karatasi niliyomwandikia Gosbert naiona kila nikifumba macho: ameinama, kinywa kimefungwa. Nilimpangia hatua kwa hatua mpaka kwenye panga. Ukitaka wa kumtoa, nitoe mimi. Lakini mimi niko mbali, na wewe uko hapo. Nyamaza mpaka nije.

Projest


Nyakatuntu
8 Septemba 1992

Kaka Projest,

Shikamoo. Basi liliharibika Biharamulo, na jibu lako limenifikia jana. Sikulingoja.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Anatolia. Niliona kwamba aliyefiwa ndiye wa kuambiwa kwanza, si kamanda. Alikuwa ananyolewa nywele za tanga. Niliomba wengine watoke. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe. Alinisikiliza na nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu:

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mama, ni mimi.'"

Akachukua mwiko mkubwa wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, akanipiga nao. Alinipiga kwenye bega lililovunjika, akanipiga usoni, nikaanguka akanipiga mgongoni. "Ulikula kwangu! Ulishika watoto wangu!" Sikujikinga. Mwiko ukavunjika. Akasimama anahema, akasema, "Inuka. Twende, kabla hawajamwasha mtu bure kwa jina la mume wangu."

Tulikimbia na kichwa chake kile. Tulisikia makelele tukiwa bado kwenye migomba. Walikuwa wameshamtoa. Alikuwa amepiga magoti ndani ya tairi, na mafuta yanamtiririka machoni.

Na mama mkwe alikuwa hapo mbele yetu. Sikumwambia ninakokwenda, wala sikujua kwamba angeweza kutembea mbali hivyo bila chakula. Alikuwa amekuja na lile panga la mikungu. Alilitupa chini miguuni kwa kamanda, akasema kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu Gosbert afe:

"Mnamchoma huyu kwa nini? Aliyemkata mtoto wangu Gosbert ni mimi. Alikuja bila kusema, nikamkata. Tazameni panga, nywele zake bado zipo."

Halafu mtu akasema, "Mchawi huyo, anamlinda Mrundi." Jiwe likatoka nyuma, sikuona kwa nani. Lilimpata kwenye sikio. Likaja la pili. Alikaa chini polepole kama anayetaka kupumzika. Anatolia alipita katikati yao anapiga watu ngumi, akamlalia juu, akapiga kelele, "Mume ni wangu! Maiti ni yangu! Nani amewapa ruhusa?" Jiwe la tatu lilimpata yeye mgongoni. Ndipo walipoacha. Mmoja mmoja waligeuka wakaondoka, na aliyeshika kiberiti akakitia mfukoni kama mtu anayetoka dukani.

Harerimana yuko hai. Yuko hospitali ya misheni. Jicho moja halioni, na vidole vyake havitashika tena tunda la kahawa. Nilikwenda kumwona. Yeye akaniuliza kama kahawa ya upande wa chini imeanza kuanguka. Mjomba wake aliyekuwa ameketi kitandani akaniambia, "Mama, ukitoka usirudi." Ana haki.

Mama mkwe alifariki Jumapili kabla ya jua kuchomoza.

Leo tulipaswa kumzika. Nilituma watu kuita wa juu na wa chini. Shemeji zangu hawakuja. Hakuja mtu na mkungu wa ndizi wa rambirambi, hakuja mtu na jembe. Katekista alinitumia ujumbe kwamba anaumwa. Nilimlaza mama kwenye jamvi, nikamwacha Kemilembe amfukuze nzi, nikaanza kuchimba kwa mkono mmoja karibu na mwanawe. Unajua kwamba hapa mwanamke hachimbi kaburi. Nilikuwa nimefika magotini.

Nikasikia jembe upande wa pili. Ni Anatolia. Kichwa chake sasa kimenyolewa chote. Nikaanza kumshukuru, akanikatisha:

"Sikuja kwako. Usinisemeshe. Chimba upande wako."

Nikachimba upande wangu. Udongo wa hapa, kaka, juu ni mlaini na chini ni mawe, na yeye ndiye aliyeyatoa mawe yote, kwa sababu mimi bega halikuweza. Tulipokuwa tunamshusha alimshika kichwani na mimi miguuni. Alivua kanga yake ya msiba, akamfunika uso ili udongo usimwingie macho. Halafu alikwenda kwake.

Kesho nitampelekea mkungu. Najua ataurudisha. Nitampelekea tena.

Mdogo wako,
Vestina